Muulize Mfamasia: Pumu, pampu na vidonge vya dukani

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano kila mwaka ni Siku ya Pumu Duniani, na ikishapita hivi meseji za kifua zinajaa kuliko za kitu kingine chochote. Nimechagua zile zinazofanana na nyingine nyingi, kwa hiyo kama yako huioni tafuta ya mwenzio iliyo karibu nayo. Majina tumeyaacha. Na jambo moja kabla hatujaanza, hapa tunaongea ili tuelewe, dozi yako anapanga aliyekupima.

Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 6, kifua kinambana tangu ana miwili, usiku ndo balaa, anakohoa mpaka anatapika na nikimwekea sikio mgongoni nasikia kama filimbi. Hospitali walisema ni pumu wakaandika pampu mbili, ila mama mkwe amekataa katakata, anasema mtoto akishaanza pampu ndo basi tena ataizoea mpaka uzeeni, bora tumpe vidonge. Nifanyeje maana hapo nyumbani sina sauti. (Mama, Mbagala)

Marahaba mama. Mama mkwe wako usimbeze, anachosema ndicho mtaa mzima unasema, na nadhani najua kimetoka wapi. Watu wengi wanapewa pampu wakiwa wameshazidiwa, baada ya vidonge na sindano na dripu, kwa hiyo mtaani anayeonekana na pampu ni yule ambaye keshalazwa mara kadhaa, siku akifariki watu wanasema si unaona, alikuwa wa pampu huyo. Pampu inabebeshwa kosa la kuchelewa.

Pumu ni uvimbe. Njia za hewa ndani ya mapafu ya huyo mtoto zimevimba kwa ndani hata siku anayocheza na kucheka, halafu zikikutana na zisichokipenda, iwe vumbi, moshi, baridi au mafua ya kawaida, yanatokea mambo matatu kwa pamoja: misuli inayozizunguka inabana, ukuta wa ndani unavimba zaidi, na makohozi mazito yanaziba kanafasi kaliyobaki. Filimbi unayoisikia ni hewa inajipenyeza hapo. Ndo maana wameandika mbili. Moja ni salbutamoli, mara nyingi kopo lake ni la bluu, inalegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake inakaa saa 4 mpaka 6 hivi, hiyo ni ya kumwokoa akibanwa. Nyingine ni steroidi ya kuvuta, kwa mfano beklometasoni, inayopunguza ule uvimbe wenyewe, na hiyo anavuta kila siku kama alivyoandikiwa hata kama hajabanwa wiki nzima. Wazazi wengi wanaiacha hii ya pili kwa sababu mtoto akiivuta haoni mabadiliko palepale, wanasema haifanyi kazi, kumbe inataka siku kadhaa mpaka wiki ndo uanze kuona anaamka usiku mara chache. Msijifunze dawa kwa rangi tu maana viwanda vinatofautiana, soma jina lililoandikwa kwenye kopo.

Haya sasa hoja ya vidonge. Kidonge kimoja cha prednisoloni, steroidi ya kumeza, kina miligramu 5, ukigeuza ni maikrogramu 5,000. Mtoto anayevuta steroidi maikrogramu 200 kwa siku anahitaji siku 25 kufikisha uzito wa hicho kidonge kimoja. Najua dawa hizi hazina nguvu sawa gramu kwa gramu, lakini picha unaipata: kidonge kinapita tumboni kinaingia kwenye damu kinazunguka mwili mzima, mifupa, sukari, presha, wakati ya kuvuta inatua palepale penye ugonjwa na kiasi kidogo sana ndicho kinakwenda kwingine. Ina madhara yake na sitakuficha, watoto wengine urefu unapungua kidogo, kama sentimita moja hivi, na mdomoni wanaweza kupata utando mweupe wa fangasi, huo unazuilika kwa kusukutua maji na kuyatema baada ya kuvuta. Lakini mtoto ambaye halali na hasomi kwa sababu ya kifua naye hakui vizuri.

Kuzoea hakuna. Hiyo steroidi ya kuvuta haina ulevi, na daktari akiona kifua kimetulia kwa miezi mitatu hivi anaanza kupunguza dozi. Watoto wengi dalili zinapungua au zinaondoka kabisa wanapokua, hilo nalo mwambie bibi, atafurahi. Na ukiweza nenda naye kliniki akaambiwe na daktari kwa mdomo wake maana maneno ya mkamwana huwa hayana uzito, nawajua.

Habari mkuu. Mi ni bodaboda hapa Moro, nina pumu toka shule ya msingi. Natumia ile ya bluu tu, zamani nilikuwa nabonyeza mara mbili nakaa siku mbili tatu freshi, saiv nabonyeza kama mara nane kwa siku na bado usiku naamka. Je dawa imechakachuliwa au mwili umeizoea?

Kaka, tupige hesabu kwanza. Kopo la salbutamoli lina mipulizo 200. Ukibonyeza mara 8 kwa siku linaisha siku ya 25, kwa mwaka ni kama makopo 14. Mwaka 2019 kamati ya kimataifa inayotoa miongozo ya pumu, inaitwa GINA, iligeuza mambo ambayo yalikuwa yamezoeleka kwa miaka mingi, ikasema watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa salbutamoli peke yake. Sababu ni takwimu kama zako: anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa, na akifika 12 hatari ya kufa inapanda. Wewe ushapita huko. Sikutishi, nataka tu uelewe kwamba shida yako haipo kwenye kopo.

Salbutamoli haitibu uvimbe hata kidogo, inalegeza misuli basi. Ni kupepea moshi utoke jikoni huku kuni zenye maji bado ziko mafigani, unapumua vizuri dakika chache halafu moshi unarudi, unapepea tena, na kila siku unapepea zaidi. Na ni kweli kwamba ukiitumia hivyo kila siku mwili nao unaanza kuiitikia kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo hapo kwenye kuzoea hujakosea kabisa.

Unachohitaji ni steroidi ya kuvuta kila siku, au mchanganyiko wa budesonaidi na fomoteroli kwenye pampu moja, ambao watu wanaujua kwa jina la Symbicort ingawa kuna za majina mengine za bei ya chini. Uzuri wa huo mchanganyiko ni kwamba fomoteroli inafungua haraka karibu sawa na ya bluu lakini inakaa saa 12, na kila unapoivuta kwa ajili ya kujiokoa unajikuta umevuta na ya kutibu uvimbe humohumo. Kwa watu kama wewe, mnaokumbuka dawa pale tu kifua kinapobana, nadhani huo ndo mpango unaowafaa kuliko wowote. Budesonaidi na mchanganyiko wake vipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo sio dawa za kifahari, ila kupatikana ni kitu kingine, hospitali ya wilaya unaweza kukuta leo ipo mwezi ujao hakuna, na bei ya duka la dawa inauma. Ukikwama bei omba beklometasoni ya kawaida uitumie pamoja na ya bluu, ni bora mara kumi kuliko ya bluu peke yake. Kabla hujalalamika bei piga hesabu makopo 14 yamekula shilingi ngapi, ongeza na siku ulizolala hujapiga kazi.

Vumbi la barabarani na moshi wa malori huwezi kuukwepa kwa kazi yako, funga barakoa, na sigara kama unavuta tuanzie hapo.

Dokta mimi naishi Njombe, kikifika mwezi wa sita wa saba baridi inaniua. Duka la dawa la hapa wananipa bahasha moja ina Franol, Piriton, amoksilini na vidonge vidogo vyeupe sijui ni nini, natumia siku tano napona. Ila moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka, usingizi sipati. Niendelee?

Usiendelee, dada au kaka, hujajitambulisha. Tuifungue hiyo bahasha.

Franol ina efedrini na theofilini ndani, dawa za zamani sana. Zinafungua kifua ndiyo, ila efedrini inakurupusha moyo na theofilini ina shida moja kubwa, kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru vimekaribiana mno. Ndugu yake ni aminofilini, ile inayouzwa vidonge na hospitali wanaichoma. Mikono kutetemeka, moyo, kukosa usingizi, kichefuchefu, vyote hivyo ndo huko vinatoka, na mtu akizidisha anaweza kupata degedege. Halafu ukiwa unatumia hiyo, mtu mwingine akakuandikia siprofloksasini au erithromaisini kwa ajili ya tumbo au kidonda, theofilini inapanda kwenye damu, na hakuna aliyekuuliza. Piriton ni ya mafua na mzio wa ngozi, inakulaza tu, njia za hewa haifungui. Amoksilini inaua bakteria na pumu sio bakteria, shambulio nyingi zinaanzishwa na virusi vya mafua, kwa hiyo hapo umenunua kitu cha kutengenezea usugu.

Hivyo vidogo vyeupe sasa. Bila karatasi siwezi kuapa, lakini mara nyingi ni prednisoloni au deksametasoni, na ndivyo vinavyokuponya, hivyo tu. Steroidi ya vidonge kwa shambulio kali ni dawa nzuri mno, hospitali mtu mzima anapewa miligramu 40 au 50 kwa siku, kwa siku 5 mpaka 7, na imeokoa watu. Ubaya ni kuifanya ya kila msimu kutoka dukani bila mtu kuhesabu. Ukirudia rudia unakuja kuvimba uso, sukari inapanda, presha, mifupa inadhoofika, na ukiitumia kwa muda mrefu halafu ukaikata ghafla mwili unaweza kuzimia kabisa kwa sababu tezi zilizokuwa zinatengeneza steroidi ya asili zimelala. Kiangalizi kizuri ni hiki, ukihitaji kozi mbili za vidonge hivyo kwa mwaka basi pumu yako haijadhibitiwa, nenda ukaandikiwe ya kuvuta na uianze mwezi wa tano kabla baridi haijashuka.

Na nyie wenye maduka mnaofunga bahasha bila majina, mnasoma hapa najua. Andikeni jina la dawa.

Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mtu wa Mombasa, nina asma. Ramadhani napata tabu na inhela, kuna wanaosema yafungua na kuna wanaosema haifungui, basi naogopa nikibanwa mchana nakaa navumilia hadi magharibi. Na nyumbani kwetu udi hautoki kwenye chetezo, kila jioni nyumba ni moshi, nikiwaambia wanasema udi ni dawa.

Waaleikum salaam. La kwanza mimi si shekhe kwa hiyo nakwambia ninachokijua tu: wanachuoni wa zama hizi wametofautiana. Masheikh wakubwa wa Saudia kama Ibn Baz na Ibn Uthaymin walisema inhela, yaani pampu, haifunguzi saumu kwa kuwa si chakula wala kinywaji na inakwenda kwenye mapafu, na wapo wengine, kwenu pwani pia, wanaosema kitu kimefika ndani basi siku hiyo utailipa. Muulize imamu wako umfuate. Ila kwenye tofauti zote hizo hujamsikia hata mmoja anayesema mtu akibanwa akae afe, mgonjwa karuhusiwa kula na kulipa siku nyingine, aya iko kwenye Baqara. Kwa hiyo ukibanwa mchana vuta hapohapo, ubishi wa fikihi utaendelea ukiwa hai.

Kwa upande wangu mimi, dawa za kuzuia, zile za kuvuta kila siku, nyingi ni mara mbili kwa siku, zinaingia vizuri kabisa baada ya kufuturu na wakati wa daku. Ukizivuta hivyo bila kukosa kuanzia Shaabani utashangaa mchana huihitaji ile ya kuokoa. Mtu anayehitaji kujiokoa kila mchana wa Ramadhani anahitaji dozi yake iangaliwe upya kabla mwezi haujaandama.

Udi ni moshi, bibi hata akasirike. Ubani, udi, dawa ya mbu ya kuchoma ile ya mzunguko, jiko la mkaa ndani ya chumba, dawa ya kupulizia mende, hakuna anachokijali mwenye pumu hapo kati ya moshi mtakatifu na moshi wa takataka. Sikwambii uwanyime watu nyumba yao kunukia, zungumza nao wafukize nguo nje au wakati hupo, madirisha wazi, na kwa kitandani kuna kikuba na asmini, mambo ambayo pwani mnayaweza kuliko sisi, ingawa kama asmini nayo inakukereketa basi pole sana.

Mambo doc, mi ni mchezaji nipo Mwanza, nina pumu ya kubana nikikimbia. Kuna kocha kaniambia nikitumia inhela nikipimwa nitaonekana nimetumia doping. Kweli?

Inategemea ipi. Shirika la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, linaruhusu salbutamoli ya kuvuta mpaka maikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi 600 ndani ya saa 8. Mpulizo mmoja ni maikrogramu 100, kwa hiyo unabonyeza mara 16 kwa siku nzima ndo ufike ukomo, na ukifika huko shida yako ni kubwa kuliko doping. Steroidi ya kuvuta inaruhusiwa. Kinachokamata ni vidonge na maji: salbutamoli ya kidonge au ya sirapu imekatazwa, prednisoloni ya kumeza imekatazwa wakati wa mashindano, na Franol kwa ajili ya ile efedrini inaweza kukuletea matatizo siku ya mechi.

Vuta salbutamoli mara mbili dakika 10 mpaka 15 kabla ya mazoezi, pasha mwili polepole, na kama unaihitaji kila mazoezi omba ya kuzuia. Mwambie kocha Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu ya mazoezi tangu utotoni na mwaka 2003 London alikimbia marathoni saa 2 dakika 15 na sekunde 25, rekodi ikakaa miaka 16 mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago.

Sasa daktari. Niko Nairobi, nina mimba ya wiki kumi na nimeacha inhela zangu zote juu naogopa mtoto. Kifua kimeanza kunisumbua. Nimefanya poa?

Hapana dada, zirudie leo. Mtoto anapumua kupitia damu yako, ukikosa hewa wewe yeye anakosa kabla yako. Pumu isiyotulizwa kwenye mimba ndiyo inayoleta presha ya mimba, mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Salbutamoli, beklometasoni na budesonaidi zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi na hazijaonekana kuleta ulemavu. Kwa kukadiria, mmoja kati ya watatu pumu inazidi akiwa na mimba, mmoja inapungua, mmoja haibadiliki, na huwezi kujua wewe uko wapi mpaka miezi ipite, kwa hiyo mwambie nesi wa kliniki mapema usije ukaanza kujieleza siku ya kujifungua. Ukinyonyesha pia endelea nazo.

Kijana, mimi nina miaka 61, presha nina mwaka wa tano. Miezi hii nakohoa sana kikohozi kikavu na kifua kinabana nikipanda ngazi, dukani wakaniuzia pampu wakasema ni pumu. Maishani sijawahi kuugua pumu. Inawezekana ianze sasa?

Shikamoo mzee. Inawezekana, pumu inaanza umri wowote, ila kwa umri wako ningeomba kwanza tuwatafute watuhumiwa wengine, na wako wengi.

Wa kwanza ni dawa zako za presha. Kaptopri na enalapri zina tabia ya kuleta kikohozi kikavu kinachokera usiku na mchana, mtu anazunguka anatibiwa kifua miezi kumbe ni kidonge cha asubuhi. Hiyo ikibadilishwa kikohozi kinaondoka chenyewe baada ya wiki chache. Halafu kuna propranololi, na kwa kiasi atenololi, hizi zinaweza kubana njia za hewa kwa mtu mwenye pumu, propranololi ndo kabisa haitakiwi, na hata matone ya macho ya timololi ya presha ya macho yanaweza, watu hawaamini tone la jicho likabana kifua lakini linabana. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, na za macho, mpelekee daktari. Usiziache mwenyewe, presha nayo inaua.

Wa pili ni kifua kikuu. Kikohozi kikizidi wiki mbili kipimo cha makohozi ni bure kwenye vituo vya serikali, kapime. Wa tatu moyo, kubanwa ukipanda ngazi kwa mtu wa presha kunaweza kuwa moyo umechoka, angalia kama miguu inavimba jioni. Wa nne, kama ulivuta sigara miaka mingi au mama nyumbani kapikia kuni ndani maisha yake yote, kuna ugonjwa mwingine wa mapafu unaofanana na pumu ila wenyewe haufunguki vizuri hata ukipewa salbutamoli. Kuzitenganisha kuna kipimo cha kupuliza, unapuliza kabla ya dawa na baada ya dawa wanalinganisha, hospitali za mkoa na za rufaa ndo uulizie.

Na ukiumwa mgongo, mzee wangu, ikithibitika ni pumu kweli, kuwa mwangalifu na aspirini, diklofenaki na brufeni, si wote wanazikataa ila wanaozikataa wanabanwa vibaya sana ndani ya saa moja au mbili. Panado kwa wengi haina neno.

Nafanya kazi bekari Arusha. Kifua kinabana Jumatatu hadi Jumamosi, nikienda likizo kwetu kinapona. Ni mapepo ya kazini?

Ni unga. Pumu ya waokaji inajulikana miaka mingi, na wewe umeshajipima mwenyewe kwa hiyo likizo. Omba kuhamishwa kwenye kuchanganya unga, vaa barakoa, na kamweleze daktari hivyohivyo ulivyonieleza mimi, maana ukikaa nayo miaka inaweza isipone hata ukiacha kazi.

Habari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kigoma. Nina wanafunzi wawili wa pumu, mmoja alibanwa darasani wiki iliyopita tukabaki tunampepea na vitabu. Pampu alikuwa nayo kwenye begi ila akibonyeza moshi wote unatokea mdomoni. Tufanye nini siku nyingine?

Asante mwalimu, hili swali lingeulizwa na kila shule ningefurahi.

Huo moshi mdomoni ndo tatizo la nusu ya wenye pumu ninaowaona, watoto na wakubwa. Kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja ni kazi ngumu, dawa inatoka kwa kasi inagonga koo inaishia hapo. Dawa yake ni spesa, chombo cha kukaa katikati ya pampu na mdomo ili dawa ipoe humo mtoto aivute taratibu. Za kununua ni ghali na hazipatikani kila mahali, lakini Cape Town kule Afrika Kusini walifanya utafiti kwa watoto, ukachapishwa mwaka 1999, wakakuta chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Chupa ya maji hiyohiyo unayoijua. Toboa kitako chake tundu linalolingana na mdomo wa pampu, waya uliochomwa moto unasaidia kukata vizuri, ingiza pampu, ziba pembeni kwa gundi au selotepu hewa isivuje. Osha na maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe bila kufuta na kitambaa, maana plastiki ikisuguliwa dawa inanata ukutani. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa ambapo palikuwa na kizibo.

Siku akibanwa, mkalishe ameinama kidogo mbele, asilale, legeza vifungo, wengine watoke mlangoni hewa ipite. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, apumue ndani ya chupa mara 5 au 6. Tikisa tena, bonyeza tena. Mpe mara 4 hivyo, moja moja, usizimwage zote kwa pamoja zitagandana. Subiri mpaka dakika 20. Akipata nafuu mwite mzazi aje amchukue na aonane na daktari siku hiyo. Asipopata nafuu rudia mara 4 nyingine, ila hapo safari ya hospitali iwe imeshaanza, na mnaendelea kumpa njiani.

Usisubiri hata hizo dakika ukiona hawezi kumaliza sentensi, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, mbavu zinaingia ndani kila akivuta, au amelegea anasinzia. Na ukiona filimbi imenyamaza wakati bado anahangaika kuvuta hewa usiseme amepona, maana yake hewa haipiti tena. Maji msimlazimishe, mfuko wa karatasi usoni hapana.

Waombe wazazi wa hao wawili walete kopo la akiba likae ofisini, sio kwenye kabati la kufuli ambalo funguo anayo mwalimu mkuu na leo yuko semina. Pima kama lina dawa kwa kuhesabu, kulielesha kwenye maji hakuambii kitu, na kama halijatumika muda mrefu bonyeza mara mbili hewani kwanza. Chupa tengenezeni mbili, na ukutani pembeni yake bandika namba ya simu ya mzazi, ya zahanati, na ya bodaboda anayepaki karibu na geti.